Shule mbili, barabara moja

Haya mama zangu na baba zangu, mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo tusikilizane. Mmeniita niongelee shule za grama, yaani sekondari za serikali zinazochagua watoto kwa mtihani, manake huku Uingereza mtoto akifika miaka 10 tu kila mtu anakuuliza ule mtihani wa kuingilia umeshaanza kumfundishia, na presha inaanza hapo. Zimebaki 163 England nzima. Mi nitaongelea moja tu, Ripon Grammar School kule Yorkshire, mji mdogo ambao mpaka leo kila usiku saa tatu kuna mtu anapuliza baragumu pale sokoni.

Shule ilianzishwa upya mwaka 1555, enzi za malkia Mary, ikawa ya wavulana miaka na miaka mpaka 1962 ikaunganishwa na shule ya wasichana ya hapohapo mjini, ndo wakaanza kusoma pamoja. Ni ya serikali, na ina bweni. Nisikilizeni hapa: masomo ni bure, mzazi wa bweni analipia malazi na chakula basi, wengi wetu tunajua bweni huku ni la matajiri peke yao na sio kweli.

Sasa mtoto akiingia, awe analala shule au anarudi nyumbani, anapewa hausi yake, na hausi ndo ukoo wake pale shuleni, wa kike kwa wa kiume, wadogo kwa wakubwa. Hausi moja inaitwa Porteus, jina la Beilby Porteus, alisoma hapo akaja kuwa askofu wa London, na mwaka 1783 alisimama akawahubiria wakubwa wa kanisa lake kuhusu watumwa waliokuwa wanateseka kwenye shamba la jumuiya yao wenyewe kule Barbados, aliwaambia usoni. Mi mtu wa Bagamoyo, nikisikia watoto wanalishangilia jina hilo uwanjani moyo unanijaa, siwafichi.

Lakini kuna jambo linanikaa rohoni. Sheria ya 1998 ilizuia kufungua grama mpya, na kwa hizi zilizopo ikawapa wazazi nafasi ya kupiga kura kama ziendelee kuchagua watoto kwa mtihani au ziache. Ripon walipiga mwaka 2000, wazazi 1,493 wakasema iendelee, 747 wakasema iache, na mpaka leo hakuna mji mwingine uliowahi kupiga kura hiyo. Mi wale 747 nawaelewa kabisa. Barabara ileile ya Clotherholme kuna sekondari nyingine, isiyo na mtihani wa kuingilia, kwa hiyo watoto waliocheza pamoja tangu chekechea asubuhi wanatembea njia moja halafu wanaachana getini, kisa karatasi waliyofanya wakiwa na miaka 10, 11. Kumi na moja jamani! Mimi umri huo hata kugawanya kwa desimali kulikuwa kunanitoa machozi.

Kwa hiyo ukienda kutembelea shule, tembelea zote mbili, nenda na mtoto, usiulize matokeo tu, uliza kwaya wanaimba lini, mchana anakula na nani, basi la mwisho linaondoka saa ngapi akibaki mazoezini. Nimeona mama pale kanyoosha mkono, karibu mama, maikrofoni hiyo hapo.