Miguu ya Haidroliki Juu ya Mchanga wa Malindi

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya mafundi wa magari, madereva na wenye viwanja vya kupigia kambi

Asalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, ndugu zangu mafundi, na nyinyi mliotoka Watamu na Mambrui kuja kunisikiliza, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya miguu ya haidroliki, inayosukumwa kwa nguvu ya mafuta, inayosawazisha karavani za kuvutwa, yaani zile nyumba za magurudumu zisizo na injini yake zenyewe. Kwetu bado ni chache, lakini zinazofika hapa hufika zikiwa na mitambo ambayo mwenyewe mara nyingi hajui kuitengeneza, na anayeitwa ni fundi wa Malindi. Ndiyo sababu nimeona tuizungumze kwa kina.

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa kwamba chombo kilichopwelewa hakikai wima chenyewe. Maji yakishatoka, jahazi hutiwa gadi huku na huku lisije likalala ubavu, na anayetia gadi hutazama kwanza mchanga pale mguu wa gadi utakapokanyaga. Karavani ikishafunguliwa kutoka kwenye gari linaloivuta, hali yake ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba gadi huzuia tu, ilhali mguu wa haidroliki huinua, na kitu kinachoinua kinaweza pia kuangusha. Neno langu la leo ni moja: miguu hii hunyoosha karavani, lakini haiwezi kurekebisha ardhi mbaya wala haichukui nafasi ya breki. Kazi iliyo kubwa hufanywa kabla kidole hakijagusa kitufe.

Wengine huniuliza, kwani kuna ubaya gani karavani ikiinama kidogo? Mlango hujifungua wenyewe au hukwama, maji ya kuogea hayaendi kwenye tundu lake, na anayelala kichwa chini huamka kichwa kikimuuma. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni friji.

Karavani nyingi zina friji isiyo na kompresa, inayofanya kazi kwa moto wa gesi au kwa umeme. Aina hiyo ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndani ya mabomba yake kuna maji, amonia na gesi ya haidrojeni. Moto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kugeuka kimiminika, kisha hushuka kwa uzito wake wenyewe na kurudi ulikotoka. Hakuna pampu inayousukuma. Bomba likiinama kupita kiasi, kimiminika hutuama mahali pasipostahili, sehemu inayochemshwa hupungukiwa na kupata joto la kupindukia, na dawa iliyotiwa humo ili kuzuia kutu huganda na kuziba njia. Friji ikishafika hapo haifufuki, na ni kifaa cha bei kubwa ambacho dukani kwetu hakipatikani. Friji mpya za kompresa hazina udhaifu huo kwa kiasi hicho, kwa hiyo fundi aulize kwanza ni aina gani iliyomo.

Kuna watengenezaji wanaotaja kikomo cha nyuzi 3 kwa upande na nyuzi 6 kwa mbele na nyuma. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana nimewaona mafundi hodari wakikosea. Kipimo hicho ni cha friji, si cha karavani. Hupimwa ukiwa umesimama mbele ya mlango wa friji ukiitazama. Basi kama friji imewekwa kwenye ubavu wa karavani, upande wa friji ndio urefu wa karavani, na kile kikomo kidogo cha nyuzi 3 kinahusu mwinamo wa kutoka mbele hadi nyuma. Katika urefu wa mita 6, nyuzi 3 ni kama sentimeta 31. Kwa ubavu, magurudumu yakiwa yametengana kwa mita 2, nyuzi 6 ni kama sentimeta 21. Chukua pimamaji ya mwashi, uilaze ndani ya friji yenyewe, na hapo utakuwa umepima kinachohitaji kupimwa.

Sasa tuje kwenye mfumo wenyewe. Msingi wake aliueleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, kanieneo, yaani kani inayolemea kila kipande cha eneo, husambaa ndani yake sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah alipata hataza yake Uingereza kwa mashine ya kukandamiza iliyojengwa juu ya kanuni hiyo. Hesabu yake ni nyepesi. Pistoni ya sentimeta 2 za mraba ikisukumwa kwa kilo 10, pistoni ya sentimeta 20 za mraba itainua kilo 100. Lakini ile ndogo ikienda sentimeta 10, kubwa itapanda sentimeta 1 tu. Ndiyo maana miguu hupanda polepole, na dereva asidhani kuna hitilafu.

Katika karavani, mota ya umeme wa volti 12 huendesha pampu, pampu huvuta mafuta kutoka kwenye tangi dogo, na valvu za umeme huamua silinda ipi ipelekewe. Zile nzito, ambazo shingo yake hukaa ndani ya bodi ya pikapu juu ya ekseli ya nyuma, huwa na miguu minne au sita. Mifumo mingi hutumia mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, ambayo hapa mjini hayatafutwi kwa shida, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Mafuta hayo hupimwa miguu yote ikiwa juu. Miguu ikiwa chini, sehemu ya mafuta imo ndani ya silinda, na tangi litaonekana limepungua. Ukiongeza wakati huo, siku ya kuondoka mafuta yatarudi na kumwagika. Hilo ni kosa dogo, lakini nimelisafisha mara nyingi.

Tufike sasa kwenye mchanga. Tuseme mguu mmoja umebeba kilo 1,500, na kanyagio lake, yaani bamba linalogusa ardhi, ni sentimeta 20 kwa 20. Hizo ni sentimeta 400 za mraba, kwa hiyo kila sentimeta moja ya mraba inakandamizwa kwa karibu kilo 3.75. Mchanga mkavu wa ufukweni hauhimili hivyo bila kutitia. Weka chini yake ubao mnene wa sentimeta 50 kwa 50, na mzigo utashuka hadi kilo 0.6. Ubao uwe mnene kweli, usiopinda katikati, na mchanga uliolegea ufagiliwe kwanza mpaka ufike paliposhikana. Wazee wanaoikumbuka Ngomeni wanajua kwamba mitambo ya Waitalia ya kurushia roketi ilisimama baharini kwa miguu ya chuma iliyozamishwa katika mchanga wa huko chini, na ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mchanga wetu hubeba, ukipewa haki yake.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Upande wa Mambrui nilisawazisha karavani ya mgeni jioni, ardhi ikiwa imeshikana kwa mvua ya mchana, na sikuweka mbao kwa sababu taa ya kwenye swichi ilionyesha kwamba imekaa sawa. Jua la siku ya pili lilipokausha mchanga, mguu wa nyuma wa kulia ulizama kiasi cha kiganja. Mlango uligoma kufunguka na mama mmoja mtu mzima alikuwa ndani. Tulimtoa salama kupitia dirishani, lakini fadhaa ya uso wake sijaisahau, na tangu siku hiyo mbao zangu hutangulia kushuka garini.

Kabla ya mbao kuna kabari. Ziko karavani zisizo na breki ya mkono. Breki zake zimo magurudumuni na huamrishwa na gari linalozivuta, kwa hiyo ikishafunguliwa kinachoishikilia ni msuguano wa tairi na kile ulichokisukumia chini ya tairi. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, kabla hujaifungua karavani. Kwa sababu hiyohiyo, miguu isiinue magurudumu yote hewani. Tairi zikiacha ardhi, msuguano wote umekwisha, na tani kadhaa zimesimama juu ya vijiti vinavyoweza kuegemea upande mmoja na kuteleza kutoka mahali pake. Ukiona kiwanja kina mwinamo mkubwa wa ubavu, usiulazimishe mguu ufidie mwinamo wote. Pandisha kwanza tairi za upande wa chini juu ya mbao, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari, ndipo uachie miguu kazi iliyobaki.

Utaratibu wa kunyoosha ni mbele na nyuma kwanza, kisha ubavu kwa ubavu, na miguu iende wawiliwawili. Mguu mmoja ukiachwa usukume peke yake, fremu hupindika, na kuta za karavani nyepesi hupasuka viungoni. Vyumba vinavyosogea nje vifunguliwe baada ya hapo, karavani ikishatulia.

Mfumo ukiwa na kitufe cha kujisawazisha wenyewe, kitumieni, lakini msiondoke. Mtu asimame nje akitazama miguu yote ikikanyaga. Tena pasiwe na mtu wala mtoto chini ya karavani, na fundi asiingie chini yake kwa kutegemea miguu hii, hata kwa kubadilisha tairi. Mpira mmoja wa mafuta ukipasuka, hakuna kinachobaki kati ya fundi na chuma. Kwa kazi ya chini tumieni stendi.

Chumvi ya hapa kwetu ina yake. Fimbo ya silinda imesuguliwa ikawa kama kioo, na pale chumvi inapoila hutokea vishimo vinavyokatakata sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, kila mguu unapopanda na kushuka. Mchanga hufanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi. Miguu ikikaa chini siku nyingi, kabla ya kuipandisha suuza fimbo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ifute kwa kitambaa safi, na uipake silikoni kavu ya kupuliza. Grisi usiipake, kwa sababu hunasa mchanga. Msishangae pia karavani ikibadilika kidogo kati ya adhuhuri na alfajiri: mafuta hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na si lazima iwe ni uvujaji.

Betri ikiwa dhaifu, mota hulalamika na valvu hubaki zimefunga. Mifumo mingi ina mahali pa kuchomeka drili ili kuizungusha pampu, na njia ya kufungua valvu kwa mkono. Tafuteni mahali hapo mchana, karavani ikiwa nzima, kwa sababu usiku wa mvua si wakati wa kusoma kitabu.

Siku ya kuondoka, gari lirudishwe na kufungwa kwanza, kabari zikiwa bado mahali pake, kisha miguu ipande, na mtu aizunguke karavani mara moja kwa macho yake kuhakikisha hakuna uliobaki chini. Kabari ndizo za mwisho kutoka.

Nje, chini ya mwembe, kuna karavani ambayo mwenyewe ametukubalia tuifanyie mazoezi. Kabari zimewekwa, mbao ziko pembeni, na pimamaji ninayo. Vijana watatu watangulie waangalie mchanga, sisi wengine tunawafuata.