Kipindi cha wiki: Kilo 42 na msesewe uliokatwa

NDESHI: Shimbonyi, wasikilizaji. Tuko Moshi, mvua imetuachia tangu asubuhi na mlima uko wazi, Kibo na Mawenzi vyote vinaonekana. Anaeli amekuja na karatasi yake.

ANAELI: Mambo matatu tu ya Clojure, dada, ile lugha yetu ya kuandikia programu. get-in, zipa, halafu Specter, maktaba ya nyongeza ya kazi hiyohiyo. Tuliwaahidi watu wiki iliyopita: jinsi ya kutafuta kitu kwenye data zilizopachikana ngazi kwa ngazi. Leo tunamaliza.

NDESHI: Tutamaliza. Ila kwanza nikwambie yaliyonikuta Jumanne.

ANAELI: Haya.

NDESHI: Unajua ile programu ya mapokezi ya kahawa ninayoitunza. Siku ya malipo nilikuwepo pale dirishani. Akaja mama mmoja wa Kibosho, mtu mzima, nikamwamkia. Karani akaingiza namba yake, skrini ikasema kilo 0. Mama akasema, “Mwanangu, mimi kahawa nilileta. Niliibeba mwenyewe.” Akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi. Ilikuwa imekunjwa mara nne mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Kilo 42, tarehe, sahihi, kila kitu. Na foleni nyuma yake inasikiliza.

ANAELI: Pole. Pole yake zaidi.

NDESHI: Aliyeandika ule msimbo ni mimi. get-in, unaipa njia ya funguo, yaani majina ya kufuata ngazi kwa ngazi, inakuletea kilicho mwisho wa njia. Yangu ilikuwa na funguo nne: msimu, chama cha wakulima, namba ya mkulima, kilo. Na mwisho nikaweka sifuri, kwamba njia ikikosekana, irudishe 0. Sasa mwaka huu chama chao kimegawa wakulima kwenye vikundi. Data zikaongezeka ngazi moja katikati. Njia yangu ikafika kwenye chama, ikatafuta namba ya mama, ikakuta vikundi, ikanyamaza. Ikaleta 0.

ANAELI: Yaani umemwelekeza mtu kwenye msesewe.

NDESHI: Msesewe gani tena?

ANAELI: Kwa shangazi yangu, Uru. Ukiuliza njia unaambiwa: panda na mfongo, ule mfereji wa maji, ukifika kwenye msesewe, shuka. Ule mti wa msesewe ulikatwa nikiwa darasa la tatu. Gome lake lilishaishia kwenye pombe za mbege za watu. Mpaka leo wote wanasema “kwenye msesewe”, na vijana wa bodaboda waliozaliwa baada ya kukatwa wanakuacha palepale.

NDESHI: Kwetu Marangu ni “kwa fundi redio”. Fundi alishahamia Dar, duka siku hizi linauza vocha.

ANAELI: Na mtu hapotei!

NDESHI: Hapotei kwa sababu anauliza. Ndiyo hoja yangu. Usiku ule niliandika upya kwa tree-seq, nayo ni ya Clojure. Unaipa data yote, unaiambia kipi kina watoto na watoto wanapatikanaje, inashuka tawi moja mpaka chini kabisa kabla ya kuhamia jingine, inakuletea kila kilichomo kama mfuatano mmoja. Ukishapata mfuatano, unachuja tu kwa filter. Mistari mitatu. Wakiongeza ngazi, wakipunguza, kilo zinapatikana.

ANAELI: Sikubali.

NDESHI: Hujasikia mwisho.

ANAELI: Nimesikia inatosha. Nenda Uru, pita nyumba kwa nyumba ukiulizia Mama Aika. Utawapata wanne. tree-seq inakuletea kilo, haikwambii ni kilo za nani, kwa sababu njia uliyopita haiko kwenye jibu. Na kila chama kina jumla yake, sivyo? Humo pia kuna ufunguo wa kilo. Ukijumlisha vyote, umehesabu kahawa mara mbili.

NDESHI: Ningekuwa natafuta ufunguo peke yake, sawa. Mimi natafuta umbo. Ramani yoyote, yaani fungu la data ambalo kila kitu kina ufunguo wake, yenye namba ya mkulima na mizigo, zote mbili kwa pamoja. Jumla ya chama haina namba ya mkulima, inaachwa. Mama nampata na mizigo yake iko mkononi mwake.

ANAELI: Na mwakani chama kingine kikiandika “uzito” badala ya “mizigo”?

NDESHI: Na wewe mwakani wakiongeza kikundi ndani ya kikundi?

ANAELI: Njia yangu itapiga kelele! Kosa lako halikuwa njia, dada, lilikuwa ile sifuri. Wenyewe get-in wanakurudishia nil, yaani “hakuna kitu”, njia ikikosekana, nayo ni kimya kibaya, wewe ukaipaka rangi ikafanana na jibu. Bodaboda akishindwa anakwambia “huko sipajui”. Hakushushi popote akakwambia umefika. Ondoa sifuri, weka ukaguzi mlangoni: data zisizo na umbo tulilokubaliana haziingii. Karani angejua siku ya kupokea, siyo siku ya malipo.

NDESHI: Angejua, halafu? Mkulima ameshuka na gunia kutoka juu, unamwambia kompyuta imekataa umbo?

ANAELI: Unapokea gunia, unatengeneza data.

NDESHI: Nani anatengeneza? Karani? Wewe unafikiri kila chama kina mtu wa kukaa na kazi hiyo. Ngazi zitabadilika kila msimu kwa sababu watu wanajipanga wanavyotaka, na wana haki hiyo. Programu iwafuate.

ANAELI: Programu ikimfuata kila mtu, siku ikikosea hakuna atakayejua imekosea wapi. Hela za watu, Ndeshi! Lazima uweze kuonyesha njia: msimu huu, chama hiki, mtu huyu, mzigo huu.

NDESHI: Lazima kwanza umwone mtu.

ANAELI: (kimya) Hapo tumegoma.

NDESHI: Tumegoma.

ANAELI: Lakini ndiyo maana nilitaka zipa! Gérard Huet, mtaalamu wa kompyuta wa Ufaransa, aliieleza mwaka 1997, na Clojure wanayo, clojure.zip. Unatembea ndani ya data huku umeshika ulikotoka, ukikuta kitu, unapanda juu kuuliza “wewe wa nani?” Kama mtu anayepanda na mfongo, anajua—

NDESHI: Mpaka kwenye msesewe.

ANAELI: (anacheka) Uliokatwa, ndiyo. Acha nimalize.

NDESHI: Zipa ni nzito kuisoma kwa anayeanza. Unaita next, unauliza kama umefika end, unaita next tena. Karani wa kesho akirithi msimbo huo?

ANAELI: Karani harithi msimbo. Na uzito wake ni wa siku mbili tu.

NDESHI: Siku mbili zako. Halafu niambie, kwa nini msiseme “kwenye kona”? Kona si ipo bado?

ANAELI: Kona ziko nyingi. Msesewe ulikuwa mmoja.

NDESHI: Ulikuwa.

ANAELI: Shangazi anasema ukisema “kona”, anajua wewe ni mgeni.

NDESHI: Basi nitasema msesewe nikija. Saa ngapi sasa? Wenzetu wa kwaya wako mlangoni, tuna dakika mbili.

ANAELI: Hata get-in sijaieleza vizuri! Specter ndiyo kabisa.

NDESHI: Iache. Wajaribu wenyewe tree-seq kwa coll?, inayouliza kama kitu ni mkusanyiko, na seq, inayotoa vilivyomo kwa mfuatano, waone ramani inavyofunguka kipande kwa kipande.

ANAELI: Na wasiweke sifuri.

NDESHI: Sifuri nimeshaitoa.

ANAELI: Mama alilipwa?

NDESHI: Siku hiyohiyo, kwa stakabadhi. Karani aliandika kwa mkono. Mimi nilibaki napitia chama chote, na wengine 6 wa vikundi walikuwa na 0. Wawili bado sijawapata kwa simu.

ANAELI: Wa wapi?

NDESHI: Kibosho hukohuko. Kesho napanda.

ANAELI: Twende wote, pikipiki ninayo. Umeelekezwa wapi?

NDESHI: Juu ya shule, ukivuka mfongo.

ANAELI: Mfongo upi?

NDESHI: Ndiyo tutauliza. Zima, wameshaingia.