Bruno, kilo 32, na khanga ya mama

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba, najua mmeshaniamkia ila sijawasikia. Leo sipo jikoni. Nimekaa sakafuni, na mkiona kamera inatikisika msiogope, ni mkia wa huyu bwana hapa pembeni. Anaitwa Bruno. Wengi mlimwona kwa mbali kwenye video ya Krismasi mkaniuliza, "Dada, umeajiri polisi?" Ni mbwa wangu jamani. Nilimchukua mwezi wa kumi, na leo nawapa habari zake zote, pamoja na aibu zake na zangu. Zangu ndizo nyingi.

Mnajua mimi nimekulia Kibosho, kule Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la familia. Mbwa wetu hakuwahi kuvuka kizingiti. Mchana yuko kwenye mnyororo chini ya mparachichi, usiku anafunguliwa, asubuhi anatupiwa ukoko na vichwa vya dagaa. Getini kuna kibati kimeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na kilikuwepo hata ule mwaka ambao hatukuwa na mbwa kabisa. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia twende Falkenberg, huku pembezoni mwa Berlin, tukaangalie mbwa wasio na wenyewe, nilikubali kwa sababu moja tu: sikuwa na zamu kazini na mvua ilikuwa imenichosha ndani.

Kile kituo kina hekta 16. Majengo ya zege, ya mviringo, utadhani ni uwanja wa ndege. Chama kinachokiendesha kilianzishwa 1841. Nikapiga hesabu palepale. Rebmann, yule mmisionari wao, aliuona mlima wetu 1848. Yaani hawa watu walikuwa na chama cha kutetea wanyama miaka 7 kabla hajawapelekea habari kwamba Kilimanjaro ina theluji! Na wakati huo binadamu je? Haya, hiyo ni video nyingine.

Bruno alikuwa kwenye chumba cha mwisho. Wenzake walibweka, yeye alikuwa anazunguka. Mzunguko uleule, upande uleule, mpaka sakafu ilikuwa na alama. Aina yake ni Malinois, mbwa wa Kibelgiji wa kuchungia kondoo, ingawa siku hizi mnawajua zaidi kwa kazi ya polisi na jeshi. Hata pale kwetu Usa River, ukitoka Moshi kwenda Arusha, wamefundishwa mbwa wa aina hii kunusa pembe za ndovu. Sasa mtu anamwona kwenye sinema anaruka ukuta, anasema na mimi nataka. Ananunua mtoto wake, anamweka ghorofa ya nne, anakwenda kazini saa tisa mfululizo. Nilimuuliza dada anayewahudumia, huyu kosa lake ni nini? Akanijibu, "Hakuwa na kazi." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Hawakutupa siku hiyo. Tulirudi mara nne, tukatembea naye, tukaulizwa maswali kama watu wanaochumbia: mna gari, nani atabaki nyumbani, mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi? Makaratasi nayapitia haraka maana mtanicheka. Kodi ya mbwa Berlin ni euro 120 kwa mwaka, ila aliyetoka kituo hiki husamehewa kwa kipindi fulani. Bima ni lazima, akimng'ata mtu au akimwangusha mwenye baiskeli. Chipu chini ya ngozi, lazima. Kwenye treni anavaa kifunga mdomo. Na sheria inasema mbwa atolewe nje kiasi cha kutosha. Mama aliposikia akauliza, "Na wewe nani anakutoa?"

Usiku wa kwanza. Nilikuwa nimemwandalia godoro zuri, na juu yake nikatandika khanga aliyonipa mama siku naondoka, ile ya MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilijiona nina akili sana, mgeni na khanga yake. Asubuhi naamka, godoro limefumuka, pamba mpaka bafuni, na katikati yupo Bruno na kipande cha khanga. Kimesalia MGENI NJOO. Mwenyeji na kupona kwake vilikuwa tumboni. Nililia. Mume wangu naye alitoka nje kucheka, namshukuru kwa kutoka.

Kutembea sasa. Mimi nina kilo 54, yeye 32, na zote ziko mbele. Wiki ya kwanza alimwona kindi, nikajikuta nimelala juu ya majani yaliyolowa, kamba bado iko mkononi, bibi wa ghorofa ya chini ananitazama dirishani na kikombe chake cha kahawa. Tena kamba zilikuwa mbili, moja shingoni na moja kwenye mkanda wa kifuani, maana pale kituoni walitusisitiza kwamba mbwa mgeni hupotea siku za mwanzo, akishtuka anachomoka kama kambale.

Nikaamua nitamchosha. Hapa ndipo nilipokosea, nisikilizeni. Nikawa nakimbia naye kilomita 8 alfajiri, mume wangu anampeleka nyingine jioni na baiskeli. Wiki tatu. Nilichotengeneza ni mwanariadha! Pumzi ziliongezeka, mguu ukakaza, anarudi nyumbani anadai duru nyingine. Mimi huku magoti yananililia, na zamu ya nyumba ya wazee inaningoja saa nane mchana.

Nikampigia yule dada wa kituoni. Akaniambia acha kumkimbiza, mpe pua yake kazi, halafu mfundishe kupumzika. Kupumzika kunafundishwa? Kumbe. Bakuli la chakula nikaliweka kabatini. Chakula chake nikakimwaga kwenye nyasi, akitafute punje kwa punje. Nikaficha vipande vya kuku kwenye maboksi, kwenye taulo lililokunjwa, nyuma ya viatu. Dakika 20 za kunusa, anahema kuliko kilomita 8, kisha anajitupa chini. Njiani, akivuta nasimama. Simsemeshi, simvuti, nasimama kama mnazi. Kamba ikilegea tunaendelea. Siku ya kwanza tulitumia nusu saa kufika kwenye pipa la taka, na hapo ndipo safari iliishia. Bibi wa chini bado yuko dirishani, kahawa nyingine.

Na maneno. Kijerumani alikuwa anakijua, ila kila akisikia "Platz", yaani lala chini, anabana masikio, sijui aliambiwaje huko nyuma. Nikahamia Kiswahili. "Kaa." "Tulia." "Haya, twende." Maneno mapya, hayana historia. Sasa mume wangu, Mjerumani wa watu, anamwambia mbwa wa Kibelgiji "turiya" barabarani, na anatulia.

Watu wa mbwa huku wana hesabu yao: siku 3 hajui yuko wapi, wiki 3 anaanza kushika ratiba, miezi 3 anajua hapa ni kwao. Bruno hakuisoma. Ilikuwa wiki ya tano ndipo nikamwona mara ya kwanza amelala ubavu, miguu imenyooka, tumbo wazi. Kabla ya hapo alikuwa analala kama mlinzi, kichwa juu. Nilisimama mlangoni na kikapu cha nguo, naogopa hata kukiweka chini.

Mwaka mpya ulitupeleka hatua nyingi nyuma, baruti za Berlin si za kitoto. Tulikaa bafuni kusiko na dirisha, mimi na yeye, kwaya kwenye redio, mpaka saa tisa usiku. Siku nne hakutaka kutoka. Tukaanza tena kwenye pipa la taka.

Sasa kuna jambo limenikaa. Hapa tangu 2023 kumweka mbwa kwenye mnyororo kumekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache. Nilipolisoma nikamkumbuka Simba wetu chini ya mparachichi, ule udongo uliochimbika kwa duara. Nilikuwa nauona kila siku nikienda shule nadhani ndivyo udongo ulivyo.

Simpigii mzee simu kumfundisha sheria za Ulaya, atakata. Nimemwomba mdogo wangu tu: huyu Simba wa sasa, jioni kabla hujamfungua, mfichie dagaa kwenye migomba, mwache atafute. Alicheka wee. Juzi kanitumia video. Simba yumo migombani, pua chini, mkia juu, anafanya kazi kweli. Tatizo kuku walitangulia.