Tonge, Kasi na Kushiba: Mhadhara kwa Waliochoka na Dayati

Assalaam alaykum, na nyote kwa jumla, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na joto hili. Walio nyuma, feni zikinimeza sauti nyosheni mkono.

Mwenendo wa dayati mnaujua. Jumatatu mtu anaacha wali, anaacha mkate, asubuhi maji ya ndimu, mchana tango. Alhamisi kichwa kinauma na kila mtu nyumbani anamkera. Ijumaa kuna arusi, na arusi ni biriani. Jumamosi anajilaumu, Jumatatu anaanza upya. Watu humcheka, wakisema hana azma. Mimi nasema mwili wake unafanya kazi yake barabara.

Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe. Kwa wiki 24 aliwapa chakula kama nusu tu ya walichozoea. Wakapungua takriban robo ya uzito wao. Lakini kumbukeni yaliyowapata vichwani: waliota chakula, wakaramba sahani, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma na bado hawakuona wameshiba. Hao walikuwa watu wa azma kweli kweli.

Sababu tumeijua zaidi baadaye. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994, ambayo huiambia akili kwamba akiba ipo. Tumbo tupu nalo hutoa grelini, iliyogunduliwa 1999, nayo huita chakula. Ukijinyima ghafla, ya kwanza hushuka na ya pili hupanda. Unashindana na mlango uliofungwa kwa ndani.

Kwa hivyo leo sitawapa orodha ya vilivyokatazwa. Nitazungumzia kasi.

Kushiba hakuji chakula kinapoingia mdomoni. Tumbo litanuke, chakula kifike kwenye utumbo, utumbo utoe homoni zake, habari ipande kichwani: hesabu dakika 20 hivi. Sahani ya pilau mtu huimaliza kwa dakika 7. Zile 13 zilizobaki ndizo za kuongeza sahani ya pili.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, waliwaweka watu wazima 20 ndani kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, kila mtu akiruhusiwa kula atakavyo. Milo iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa sukari, mafuta na chumvi. Kwenye vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka kama gramu 900. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hicho hicho. Na kwenye vya kiwandani walikula kwa haraka zaidi. Chakula laini, kisichotafunwa, hupita kabla ya habari kufika. Chakula kizima chenyewe kinakuwekea breki.

Niseme hapa, maana najua mnanisubiri kwenye mahamri. Mahamri hayatoki kiwandani, mbaazi za nazi ni chakula chema kabisa, na sitaki kusikia mtu amekwenda kumwambia mama yake kwamba mhadhiri kakataza. Tatizo la mahamri ni ulaini: unga mweupe, sukari, mafuta, linayeyuka. Igeuzeni hesabu. Badala ya mahamri manne na mbaazi za kuchovya, bakuli la mbaazi na mahamri mawili. Mbaazi lazima zitafunwe.

Sasa namna ya kula. Kabla ya kugusa chakula, jiulize njaa iko wapi kati ya 0 na 10. Sifuri ni kutetemeka, kumi ni kutoweza kuinama. Anza ukiwa 3, simama kwenye 6 au 7. Ukingoja hadi 1 umechelewa, utakula kama unakimbizwa. Kama hujui ni njaa au ni hamu, jaribu swali hili: lau ningepewa muhogo wa kuchemsha mtupu, ningeula? Njaa hukubali muhogo. Hamu husema hapana, nataka viazi karai vya pale kona, na ukwaju juu yake. Hamu si dhambi, ila ijue ni hamu. Kula viwili, umekaa, sio sita ukitembea.

Mkono ni chombo bora kuliko kijiko, na watu wa Pwani tunao ujuzi huu bure. Tazameni tonge. Unachukua wali kwa ncha za vidole, sio kwa kiganja. Unauchanganya na mchuzi na kipande cha samaki, unaukusanya mpaka ushikane, ukubwa wa ndimu ndogo. Vidole vimeshajua kama una moto. Unatia mdomoni, na hapa ndipo wengi huharibu: tonge la kwanza halijashuka, vidole vimeshaunda la pili. Acha mkono upumzike kandoni mwa sahani mpaka umeze. Hilo moja tu, bila kuhesabu matafuno wala kalori, huongeza mlo dakika kadhaa. Sahani ikifika nusu, simama dakika mbili. Kunywa maji, mtilie jirani mchuzi, halafu ujiulize tena namba yako.

Sinia ina taabu yake. Huoni umekula kiasi gani, na kasi ya wote hufuata ya yule mwenye haraka. Dawa yake ni adabu tuliyofunzwa utotoni: kula kilicho mbele yako. Mpaka wako uwe kama ngumi mbili za wali, na kachumbari iwe upande wako. Simu ikae chumba kingine. Kuipindua uso chini hakutoshi, wote tunajua.

Tuingie jikoni. Sima: unga mweupe wa pakiti umetolewa pumba na kiini. Wa posho mill usiokobolewa unavyo vyote, lakini usiuhamie kwa siku moja. Wiki ya kwanza changanya kikombe 1 cha usiokobolewa na 3 vya mweupe, ya pili nusu kwa nusu. Unahitaji maji zaidi kidogo na muda zaidi motoni, la sivyo utakwaruza koo na watoto watagoma. Kiini kina mafuta, na kwa joto letu unga huo huanza kunuka baada ya majuma machache, basi nunua kilo 2 kwa wakati, weka kwenye friji ukiweza. Mahindi yenye ukungu usiyapeleke kusagwa. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Mbaazi kavu vikombe 2: lowesha saa 8 hadi 12, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kwani yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Asiyezoea aanze na vijiko vitatu vinne kwa siku, aongeze polepole kwa wiki mbili, na maji ya kutosha. Wanaoanza na bakuli zima hujaa gesi, kisha wanasema kunde zimewakataa.

Nazi msiiache. Chuja tui mara mbili. Pikia kunde, mchicha au samaki kwa tui la pili, jepesi. Tui zito tia nusu kikombe mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua. Harufu na ladha hutangulia, na umepunguza mafuta bila mtu kulalamika. Walio na lehemu (kolesteroli) nyingi damuni wasitie tui zito kila siku.

Chai ndiyo inayotudanganya. Vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi, jumla 48. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 50, na afadhali chini ya 25, na hapo hujahesabu soda wala mahamri. Punguza nusu kijiko kila wiki; ulimi hufundishika. Mzee anayekunywa kahawa chungu barazani hakuzaliwa akiipenda.

Kiporo: wali uliopoa kwenye friji, wanga wake huwa mgumu kidogo kusagika, na hilo ni zuri. Lakini sufuria iliyolala mezani usiku kucha, kwa joto la Mombasa, huota bakteria ambao sumu yao haifi ukipasha moto. Ndani ya saa moja au mbili wali uwe umetandazwa kwenye chombo kipana na kuingizwa friji. Kama hukufanya hivyo, mwaga. Najua inauma.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asipunguze wanga kwa ghafla wala kuruka mlo kabla ya kuonana na daktari wake, maana dozi ilipangwa kwa chakula cha zamani na sukari itaporomoka.

Nina vikaratasi vya maswali. Hiki kinasema: "Mbona wengine tunanenepa mwezi wa Ramadhani, na tunafunga?"

Swali zuri, bi mkubwa. Tazama utaratibu wa asili: tende tatu na maji, kisha Magharibi, kisha futari. Ile sala katikati ni kituo cha dakika 10 hadi 15, sukari ya tende imeshapanda, habari imeshaanza kufika kichwani. Anayerudi kutoka kwenye sala hali kama aliyetoka kwenye saumu moja kwa moja. Sisi tumekigeuza: kaimati, katlesi, sambusa na jagi la juisi ya sukari vyote vinaliwa kabla ya kutawadha, halafu baada ya sala wali unaanza upya. Rudisheni tende tatu na maji, funika sinia, nenda ukasali. Ukirudi anza na supu au mchuzi wa mboga, kaimati zije mwisho, kwenye kikombe kidogo. Na daku isiwe mkate mweupe na chai. Uji mzito wa wimbi au mbaazi za jioni, yai, na glasi mbili tatu za maji kabla ya adhana. Hicho ndicho kitakachokufikisha Alasiri.

Karatasi inayofuata. Hii mwandiko wake ni wa daktari.