Tangi Moja la Dizeli

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu na wanafunzi, shikamooni na habari za jioni.

Nikiingia hapa nimepita gari kubwa la dizeli lililoegeshwa chini ya mwembe, dereva amelala ndani huku injini ikinguruma ili kiyoyozi kisizimike. Naomba tuanzie kwenye tangi la gari hilo. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, ile gesi inayoipasha dunia joto, kwa hiyo tangi la lita 90 hutoa karibu kilo 240. Sasa chukueni hewa ukaa yote inayotokana na mafuta na saruji Uganda nzima, igawanyeni kwa idadi yetu: kila mtu atapata kilo 100 na ushei kwa mwaka. Tangi moja, basi, linakaribia kumaliza fungu la watu wawili la kuanzia Januari hadi Desemba. Mmarekani hufikia tani 14 hivi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la joto la dunia linatokana na kuzaa kwetu. Idadi ya watu ina uzito wake, sikatai, lakini shirika la misaada la Oxfam lilikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 1 ya watu wa dunia, wale matajiri zaidi, walizalisha asilimia 16 ya hewa ukaa itokanayo na matumizi, sawa na watu bilioni 5 walio maskini zaidi wakijumlishwa pamoja. Hapo hatuhesabu vichwa tena, tunahesabu mifuko.

Makaa na misitu inayofyekwa havimo katika kilo zile 100, na haki inanitaka niseme hivyo. Hata hivyo, mama anayenunua makaa kwa mkebe kule Kampala anayanunua ili chakula cha leo kiive.

Mnaotoka Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, hamhitaji kuhadithiwa joto hilo linafanya nini. Barafu ya Rwenzori, iliyokuwa na kilomita za mraba zipatazo 6.5 mwaka 1906, ilikuwa imeshuka chini ya 1 kufikia 2003. Na Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, ukaibomoa hospitali ya Kilembe kwa mawe na matope. Siwezi kuifunga mvua ya siku moja kwenye tangi moja, ila hewa inayopata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo hushuka kwa kishindo.

Kwa hiyo nikiulizwa tupunguze nini, nauliza kwanza anayeulizwa ni nani. Mwenye mkebe hana cha kupunguza. Sisi tulioegesha nje tunacho, nami gari langu lipo pale, hatua chache kutoka kwenye mwembe.