Homa Isiyo Malaria: Mahali Ugonjwa Mpya Unapojificha

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, wanafunzi, na ndugu zangu mnaohudumu katika zahanati na maduka ya dawa ya jiji hili la Dar es Salaam, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza yanayoibuka. Mada ni pana, nami nitaipunguza kwa makusudi: nitamzungumzia mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo kimeonyesha hana malaria, kwa kuwa naamini ugonjwa mgeni ukituingilia utaanzia kwa mgonjwa huyo.

Fungueni kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje. Mtu mzima, homa siku tatu, kichwa na viungo vinauma, MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, hasi. Kwenye safu ya utambuzi pameandikwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mstari wa chini yake, homa kama hiyo, kipimo hasi vilevile, pameandikwa taifodi. Wenyeji wa mji huu mnacheka kwa sababu mnajua kwamba homa ikishakosa malaria hupewa UTI, na mgonjwa huondoka na dozi ya antibiotiki mkononi. Simlaumu mganga aliyeandika hivyo. Foleni imefika hadi kwenye ngazi, kipimo kingine hana, na mgonjwa hakubali kurudi nyumbani bila kuambiwa anaumwa nini. Hata hivyo, kwa anayefuatilia magonjwa, mstari ule ni pengo, kwa sababu homa isiyojulikana imehesabiwa pamoja na ugonjwa unaojulikana, na hakuna takwimu za wiki zitakazoweza kuitoa humo tena.

Ukubwa wa pengo hilo umekwisha kupimwa. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, madaktari walidhani 528 wana malaria. Maabara iliikuta kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa wengine walikuwamo wenye leptospirosisi, homa ya Q na magonjwa mengine yatokayo kwa wanyama, na walikuwamo pia wenye chikungunya, ugonjwa ambao kitaalamu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini kwetu, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde. Utafiti mwingine ulihusu watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara, ambako malaria ilipatikana kwa takribani mmoja kati ya kila kumi, na wengi wa waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa yaliyosababishwa na virusi.

Jiji letu lilipata somo lake kwa dengue, hasa mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu wake, Aedes, huuma mchana, kwa hiyo chandarua tunachokisifu, na kwa haki, hakimzuii. Naye huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika matairi ya gereji, vifuu vya nazi na ndoo zilizosahauliwa uani. Dalili za mwanzo zinafanana mno na za malaria. Anayeandikiwa UTI hali ana dengue hapotezi fedha za dawa peke yake: mara nyingi huongezewa diklofenaki au aspirini kwa ajili ya viungo, na dawa hizo huzidisha hatari ya kuvuja damu. Hapo kosa la kwenye daftari linakuwa kosa la kwenye tiba.

Tazameni sasa mikoani. Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilikuwa hasi, na hatimaye ikabainika kuwa ni leptospirosisi, ambayo Wizara ya Afya iliitangaza kwa jina la homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walifariki. Kilichosaidia ni damu ya puani, dalili isiyofichika. Nauliza kwa uchungu kidogo: kama wangeumwa kichwa na homa peke yake, nani angechukua sampuli?

Kagera imetupa mifano miwili ya ugonjwa mmoja. Marburg, homa ya virusi iliyo jamaa ya Ebola, iliyotangazwa Machi 2023 ilikuwa na wagonjwa tisa, sita wakafariki, mtumishi wa afya akiwamo. Ile iliyotangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo ilikuwa na wagonjwa kumi, na wote walifariki; wawili tu ndio waliothibitishwa maabara. Wanane walizikwa bila sampuli yoyote kuthibitisha kilichowaua. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio lenye uzito wa kimataifa, lakini saa hizo huanza kuhesabiwa baada ya mtu kulitambua tukio lenyewe.

Uwazi nao una nafasi yake, ingawa sitaukalia sana. Kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 nchi yetu haikutoa takwimu za UVIKO-19. Mhudumu wa zahanati akiona takwimu za ngazi ya juu hazitoki, sioni kitakachomsukuma kutuma za ngazi yake.

Napendekeza hivi. Kwanza turuhusu, tena tuagize, kwamba safu ya utambuzi iandikwe "homa, chanzo hakijulikani", na idadi hiyo itumwe kila wiki pamoja na umri na mtaa wa mgonjwa. Kupanda kwake ghafla Mbagala au Buguruni kutasema jambo hata kabla ya jina la ugonjwa kupatikana. Maduka ya dawa, ambako wengi huanzia, yaingizwe katika hesabu hiyo. Kwa sasa muuzaji anayeona wateja wa homa wameongezeka maradufu kwa siku tano ana namba 199 ya kupiga bure, lakini wangapi wamewahi kuambiwa kwamba hilo nalo ni la kupigia simu? Kisha vituo vichache vya uangalizi vichukue damu ya baadhi ya wagonjwa hao na kuipeleka Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Mabibo. Najua nitaambiwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ni ghali, na ni kweli, ndiyo maana nasema baadhi ya wagonjwa na vituo vichache.

Linalobaki ni dogo kwa gharama. Mganga anayetuma sampuli mara mbili bila kujibiwa hatatuma ya tatu. Fomu ya sampuli iwe na namba ya simu ya aliyeichukua, na maabara impigie yeye mwenyewe, hata kama jibu ni kwamba hawakuona kitu.