Geji Zisomeke: Dashibodi ya Ndege kwenye Simuleta ya Nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa ndege, asanteni kwa kuitika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma geji za ndege kwenye simuleta ya nyumbani bila kuinamia skrini wala kufinya macho. Nitatumia Cessna 172 yenye geji sita za mviringo, maana ndiyo ndege wanayoanza nayo wengi, na programu mbili: Microsoft Flight Simulator na X-Plane.

Tuanzie kwenye ndege halisi. Geji kubwa za Cessna zina kipenyo cha inchi 3 na moja ya nane, yaani karibu milimita 79. Rubani akikaa sawasawa, macho yake huwa kama sentimita 70 kutoka kwenye dashibodi. Piga hesabu, utaona kila geji inachukua pembe ya karibu nyuzi 6.5 machoni pake. Ishikeni namba hiyo. Tarakimu, mistari na mishale ya geji ilichorwa isomwe kwa ukubwa huo. Geji ikishuka nusu yake kwenye skrini yako, hata kijana mwenye macho makali atahangaika, na hilo si kosa la macho yake.

Sasa tuje nyumbani. Chukua skrini ya inchi 27 yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, nawe umekaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Kioo hicho kina upana wa karibu sentimita 60, kwa hiyo kinafunika nyuzi 53 za uoni wako. Simuleta nayo ikichora nyuzi 53 za dunia yake, kila kitu kitaonekana kwa ukubwa wake wa kweli: geji itakuwa na upana wa milimita 68 kwenye kioo, sawa na pikseli 217. Lakini wengi wetu tunapenda kuona madirisha, bawa na dashibodi nzima kwa mpigo mmoja, tunavuta picha nyuma mpaka nyuzi 90. Geji ile ile inabaki na milimita 34 na pikseli 108. Hapo ndipo matatizo yote yanapozaliwa.

Tazameni altimita, geji inayoonyesha kimo cha ndege. Mzunguko wake umegawanywa mara 50, kila mgawanyo futi 20. Kwenye pikseli 217, kila mgawanyo unapata pikseli kama 12. Alama inaonekana, na nafasi kati ya alama inaonekana. Kwenye pikseli 108 unabaki na pikseli 6, mistari inaanza kumetameta kila ndege inapotikisika. Kibaya zaidi ni kidirisha cha shinikizo la hewa, ambacho tarakimu zake zina kimo cha milimita 3 hivi. Picha ikivutwa nyuma, tarakimu moja inapewa pikseli 4 tu, na kwa pikseli 4 hakuna jicho litakalotofautisha 3 na 8. Ukiweka 1018 pale ulipoambiwa 1013, umekosea hektopaskali 5. Karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali ni kama futi 27, kwa hiyo altimita itakuonyesha uko juu kuliko ulivyo kwa futi zipatazo 135. Unashuka Zanzibar usiku ukiamini una futi 500 kumbe una 365. Kitufe cha B kwenye Microsoft Flight Simulator kinarekebisha shinikizo chenyewe, na anayetaka kujiburudisha akitumie. Anayetaka kujifunza urubani aisome ile tarakimu kwa macho yake.

Mishale nayo ina mtego wake. Altimita ya kawaida ina mishale mitatu: mrefu wa mamia, mfupi mnene wa maelfu, na mwembamba wa makumi elfu. Ukiruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, altimita inasoma zaidi ya futi 5,500 ndege ikiwa bado inatembea chini. Geji ikiwa ndogo, mshale mfupi na ule mwembamba huchanganyika, na hilo ni kosa la maelfu ya futi.

Wengi hukimbilia kununua skrini ya 4K. Inasaidia, ila elewa inachosaidia. Ukibaki na nyuzi 90, skrini ya 4K ya inchi 27 itakupa pikseli 217 kwa geji, lakini upana wake kwenye kioo ni ule ule, milimita 34. Tarakimu ya kimo cha milimita 5 kwenye geji halisi itakuwa na milimita 2 na ushee. Ni kali, haina ukungu, lakini ni ndogo mno kwa mtu aliyekaa sentimita 60. Ukali wa picha na ukubwa wa picha ni mambo mawili. Fedha inanunua la kwanza, la pili linapatikana bure kwa kupanga kamera.

Njia ya kupima ni rahisi. Kaa unavyokaa ukiruka. Mwenzako apime umbali kutoka jichoni hadi kwenye kioo kwa sentimita. Zidisha kwa 1.13. Jibu ni milimita ambazo geji moja inapaswa kuwa nazo kwenye kioo. Umbali wa 60 unakupa 68. 70 unakupa 79. 80 unakupa 90. Simamisha ndege uwanjani, weka rula juu ya kioo, pima upeo bandia, yaani geji ya katikati safu ya juu, inayoonyesha ndege imelala au imeinama kiasi gani. Utapata kipimo chako.

Nikiri kwamba ukubwa kamili una gharama yake. Nyuzi 53 kwa upana ni nyuzi 31 tu kwa kimo, na hapo utaona dashibodi au barabara ya kurukia, vyote viwili kwa shida. Ndiyo maana napendekeza asilimia 70 ya ukubwa halisi iwe kiwango cha chini kabisa. Kwa skrini yetu hiyo ni kama nyuzi 70, na geji inakuwa milimita 48. Kisha kuna mbinu ambayo wengi hawaijui: badala ya kuikuza picha yote, sogeza kamera mbele kama sentimita 10 kuelekea dashibodi. Dashibodi iko karibu, kwa hiyo inakua. Barabara ya kurukia iko mbali, haibadiliki. Geji ya milimita 48 inafika 56 na hujapoteza chochote nje. Inamisha kamera chini kidogo ili safu ya pili ya geji isikatwe na ukingo wa skrini. Usizidishe sentimita 15, la sivyo pande za dashibodi zinavutika na umbo la pua ya ndege dirishani halikufundishi kutua.

Ukishapata mkao huo, uhifadhi. Kwenye Microsoft Flight Simulator bonyeza Ctrl, Alt na namba kwa pamoja. Kuurudia, Alt na namba ile ile. Kwenye X-Plane nyuzi za uoni zinawekwa kwenye mipangilio ya picha, na mkao unahifadhiwa kwa Ctrl na kitufe cha namba cha upande wa kulia wa kibodi. Kuurudia, kitufe hicho peke yake. Mikao mitatu inatosha: wa kuruka, wenye geji zote sita chini na upeo wa nje robo ya juu, wa kuangalia redio na geji za injini, na wa kutua.

Msitengeneze mkao kwa kila geji. Nalisisitiza hili kwa sababu ni ushauri unaotolewa mara kwa mara, nao unaharibu marubani wachanga. Jicho la rubani hukaa kwenye upeo bandia, linatoka kwenda kwenye mwendo, linarudi. Linakwenda kwenye altimita, linarudi. Linashuka kwenye uelekeo, linarudi. Tarehe 24 Septemba 1929 rubani Mmarekani James Doolittle aliruka na kutua Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa asione nje, na kilichomfikisha chini salama ni kulinganisha geji moja na nyingine bila kukoma. Ukikuza altimita ijae skrini, umeupoteza upeo. Ukiurudia, bawa limeshalala nyuzi 15. Mikao ya karibu inayokuja na programu ni mizuri kwa kuingiza njia kwenye GPS ndege ikiwa bado imeegeshwa.

Kuhusu ubora wa picha. Kiwango cha uchoraji kiwe asilimia 100 ya skrini, si chini. Kompyuta ikilemewa, punguza mawingu, miti na umbali wa mandhari kwanza. Geji ziwe za mwisho kuguswa. Wengi huwasha DLSS, au FSR kwenye X-Plane, ili picha iende haraka. Teknolojia hizo huchora pikseli chache kisha hukisia zilizobaki, na zinakisia mlima vizuri kuliko tarakimu. Kwenye skrini za kidijitali kama Garmin G1000, namba zinazobadilika huacha mkia wa kivuli nyuma yake. Ukiona kivuli hicho, zima teknolojia hiyo; kwenye Microsoft Flight Simulator rudi kwenye TAA, njia ya kawaida ya kulainisha kingo za picha. Chujio la anisotropiki liwe 16; hilo ndilo linalofanya geji za upande wa abiria, unazoziona kwa mshazari, zisiwe na ukungu, na halilemei kadi ya picha kwa kiasi cha kuhesabika.

Anayetumia televisheni ana jambo lake. Televisheni nyingi hukata kingo za picha na hupunguza taarifa za rangi, matokeo yake maandishi ya zambarau na mekundu ya G1000 yanatapakaa kama yamelowa, ilhali meupe yako sawa. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, ipe tundu hilo la HDMI jina la PC, au washa hali ya kompyuta. Zima pia ule ukalishaji wa picha. Unazungushia kila tarakimu mstari mweupe.

Mwanga wa chumba: dirisha liwe ubavuni, lisiwe mgongoni wala nyuma ya skrini. Usiku weka taa ndogo nyuma ya skrini, imulike ukuta. Ndani ya ndege ongeza taa za dashibodi kwa kizungusho chake kabla hujaongeza mwangaza wa skrini nzima.

Nije kwenye skrini ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dawa bora kuliko zote. Geji sita, tatu kwa mbili, zinahitaji sentimita 24 kwa 16 kwa ukubwa wake halisi. Kioo cha laptopu ya inchi 15.6 kina sentimita 34.5 kwa 19.4, kwa hiyo geji zinaenea na nafasi inabaki. Tahadhari: ukishika Alt ya kulia na kubofya geji kwenye Microsoft Flight Simulator, kinachotoka kwenda kwenye dirisha lake ni skrini za kidijitali peke yake. Geji za mviringo hazitoki, hata ubofye mpaka asubuhi. Kwa hizo unahitaji programu ya pembeni kama Air Manager, inayosoma takwimu za ndege na kuzichora upya. Skrini ya G1000 ina inchi 10.4, yaani sentimita 21 kwa 16; ukiitoa, ipe upana huo. Jua tu kwamba kila dirisha linalotolewa huipunguzia kompyuta kasi, kwa hiyo toa moja, uangalie, ndipo utoe la pili.

Tableti ya Android pia inaweza kuwa skrini ya pili kwa programu ya spacedesk. Tumia waya wa USB. Kwa Wi-Fi mshale utachelewa, na upeo bandia unaochelewa ni hatari kuliko kutokuwa nao. Iweke chini ya skrini kuu, imelala nyuma kidogo, na iwe umbali ule ule kutoka jichoni kama skrini kuu. Ukiiweka mapajani, jicho litalazimika kubadili umbali mara elfu kwa safari moja, na kichwa kitauma kabla hujafika Dodoma.

Nimeulizwa kuhusu vile vivaliwa vya uhalisia pepe. Meta Quest 3 ina pikseli kama 25 kwa kila nyuzi, kwa hiyo geji inapata pikseli 160 kwa ukubwa kamili. Mishale inasomeka vizuri, kidirisha cha shinikizo ni shida. Sogeza kichwa mbele sentimita 20, kama ungefanya ndani ya ndege, nacho kitasomeka.

Mzee mmoja ameuliza kuhusu miwani, na ni swali zuri. Miwani ya kusomea kitabu imetengenezwa kwa sentimita 40 hivi, skrini iko mbali zaidi, ndiyo maana inakupa ukungu. Kwa mtu ambaye jicho lake halijirekebishi tena kwa karibu, gawanya 1 kwa umbali kwa mita: skrini ya sentimita 67 inataka lenzi ya 1.50, ya sentimita 80 inataka 1.25, juu ya namba yake ya kuonea mbali. Mpelekee mtaalamu wa macho kipimo cha umbali wako, akutengenezee lenzi ya namba moja kwa ajili ya skrini tu. Miwani ya lenzi mchanganyiko, yenye sehemu ya kusomea chini, inakulazimisha kuinua kidevu ili uone geji. Na kama unatumia kifaa kinachofuata kichwa, TrackIR au programu ya opentrack, kidevu kikipanda kamera nayo inapanda, geji zinakimbia chini ya skrini pale pale unapozitafuta. Kwenye mchoro wa mwitikio wa programu ya kifaa hicho, unaoonyesha kamera inageuka kiasi gani kwa kila mwendo wa kichwa, laza mstari katikati, nyuzi 4 au 5 kila upande, ili mwendo mdogo wa kichwa usitikise picha, na upande wa juu uulaze zaidi ya huo. Kwa mwenye lenzi mchanganyiko, nyuzi 10 hivi za juu zisizo na mwitikio zinatosha.